Shingo ya Sentimita Arobaini

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi hilo sikio, limefunguka au bado unajibu ambacho hujaulizwa? Juzi nimekupigia simu nikauliza habari za mgongo, ukaniambia kitambaa kimeisha. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, huku angalau utanisoma mara mbili.

Sisi wazima. Magauni manne yamefika, na barua yako niliikuta kwenye mfuko wa lile la njano. Mke mwenzako yamemkaa vizuri. Amefikisha miezi minne, kilo sita na robo, na akiona kijiko anakifuata kwa macho kama askari. Mkweo anakusalimu sana. Mimi nimeanza tena kazi kule kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi, nakata madonge na kuyapima. Mtoto namwacha kwa msusi, jirani yetu, saa nne natoka mbio kwenda kumnyonyesha.

Sasa nikuambie jambo, usinicheke. Msusi ana simu ambayo ukiiandikia kimo chako, shingo, kiuno na nyonga, inakupa asilimia ya mafuta yaliyomo mwilini. Si kilo, Mama. Mafuta yenyewe, katika mia unayo mangapi. Nikachukua ile tepu yako uliyonipa nilipoolewa, nikajipima mbele ya kioo chake. Simu ikasema thelathini na tano. Msusi akatazama akaniambia hapo nimeshavuka mstari.

Unajua mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Lakini nilimkumbuka Baba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nakumbuka watu msibani walivyokuwa wakisema mbona alikuwa mwembamba, mbona suruali ulikuwa ukimpunguzia kila mwaka. Daktari akasema mafuta yalikuwa ndani, yameziba mishipa ya moyo, kwa nje hakuna aliyeyaona. Tangu siku ile macho ya watu siyaamini. Mkweo ananiambia niko vilevile kama alivyonikuta, lakini huyo ananipenda, atasema nini? Namba haimpendi mtu.

Nina binti sasa. Sitaki siku moja aulizwe mama yako alikuwaje, akakimbilia picha. Kwa hiyo nimeacha chakula cha jioni, na asubuhi nakunywa chai kavu. Mkate naukata zamu nzima lakini siuli. Niombee.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikio liko vilevile, nalilalia lipumzike. Na kitambaa kweli kiliisha, hukuuliza lakini ulihitaji kujua.

Mbusu mke mwenzangu. Mwambie mimi na yeye ni wajane wa bwana mmoja, asijidai na macho yake makubwa.

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka nikaisoma tena. Mwanangu, mimi nimepima watu miaka thelathini. Mtu mmoja ukimpima mara tatu anakupa viuno vitatu. Akivuta pumzi kimoja, akishusha kingine, na akiwa ana harusi wiki ijayo anakupa ambacho hata yeye hajawahi kukiona. Mimi nampima mara ya kwanza naandika, kisha namsimulia kitu cha kuchekesha, akishajisahau nampima tena. Hicho cha pili ndicho nakatia nguo. Hiyo simu ilikusimulia nini kabla ya kukupima?

Niandikie vipimo vyako vyote, kimoja kimoja, nivione kwa macho yangu. Na ule. Huyo unayemnyonyesha hana mdomo mwingine wa kulia chakula zaidi ya wako.

Ya baba yako sitayaandika leo. Nina sare za watu mezani.

Mama yako

23 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini sare zimekwisha na mgongo umenyooka.

Vipimo ndivyo hivi: shingo arobaini, kiuno themanini na tano, nyonga mia na tano. Kimo nilikitoa kwenye kadi ya kliniki, mia na sitini. Nimerudia mara tano, asubuhi, bila kuvuta pumzi, na hata nilijisimulia kitu cha kuchekesha kama ulivyosema, msusi akaniuliza kama niko salama.

Halafu msusi amenunua mizani ya kioo. Unavua viatu unapanda, inapitisha umeme kidogo kwenye nyayo, huusikii, inakuandikia mafuta yako. Nikasema sasa nitapata ukweli. Asubuhi ikaniambia ishirini na tisa. Alasiri siku hiyohiyo, nimetoka kazini jasho limenikauka, thelathini na nne. Nikanywa maji, nikanawa miguu, nikapanda tena, thelathini na moja. Msusi anasema pengine haipendi wageni.

Utaniuliza nimeamini ipi. Nimeamini ile mbaya. Katika namba zote nachukua ya juu kabisa, ili nisijidanganye kama Baba alivyodanganywa na kioo. Sasa na chakula cha mchana nakipunguza nusu. Mkweo akiniona naacha sahani anadhani nimemkasirikia, jana akaomba radhi kwa jambo ambalo wala sijui ni lipi. Nimeipokea tu radhi yake, huenda kosa lipo.

Mara mojamoja kizunguzungu kinanikamata pale kwenye tanuri. Nashika meza kinapita. Mtoto naye jioni analia sana, ananyonya, anaachia, anashika tena kwa hasira. Msusi anasema ni meno. Mimi pia naona ni meno.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Sina salamu ndefu. Barua yako imechelewa, imenifikia leo, naandika nikiwa nimesimama, na aliyekuja kuchukua gauni lake nimemwambia akae.

Shingo arobaini. Nimeitazama namba hiyo nikasema hapana. Mimi ndiye niliyekushonea blauzi za shule, nikakushonea na gauni la harusi, shingo yako nimeifungia vifungo tangu ikiwa kama kidole gumba. Arobaini ni shingo ya mbeba mizigo. Baba yako aliyekuwa akinyanyua magunia hakuifikia. Shingo yako ni thelathini na tatu.

Ndipo nikakumbuka ile tepu. Mwanangu, ile tepu imekatwa. Kichuma cha mwanzoni kiling'oka zamani, kitambaa kikawa kinachanika, nikakikata nikaanzia saba. Nenda kaitazame, utaona haina moja wala mbili. Miaka yote nilikuwa nikipima, mdomo unasema themanini na tano, mkono unaandika sabini na nane. Sikuwa hata nawaza tena, ni kama mtu anavyopita mlango mfupi wa kwao bila kugonga kichwa. Nikakupa kama zawadi na sikukuambia.

Toa saba kwenye kila kimoja. Halafu ukale. Na umpeleke mtoto akapimwe, usingoje meno, mtoto wa miezi mitano analia jioni tu, meno gani hayo. Nilitaka kukupa kitu changu kizuri ukakae nacho, nikakupa njaa.

Mama yako anayekuomba radhi

7 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Jibu lako halijanifikia na sijui ulisema nini kuhusu vipimo vyangu, lakini siwezi kungoja. Kwa siku mbili nimekuwa nikijiambia nisikuandikie. Naona aibu.

Juzi ilikuwa kliniki. Mtoto akawekwa kwenye mizani, kilo sita na robo. Muuguzi akamtoa, akamweka tena, kilo sita na robo. Mwezi mzima, Mama, hata gramu moja. Kwenye kadi ule mstari uliokuwa ukipanda umelala kama barabara. Nikaanza kusema habari za meno. Yule muuguzi hakumtazama mtoto tena, akanitazama mimi.

"Wewe unakula nini?" akaniuliza.

Nilitaka kumdanganya. Nikaanza kulia badala yake, mpaka waliokuwa kwenye benchi wakanisogezea khanga. Nikamwambia yote, simu, tepu, mizani ya kioo, Baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, na foleni ilikuwa ndefu.

Akanieleza taratibu. Kwamba vipimo hivyo vya nyumbani vyote vinakisia. Vinaweza kukosea pointi tatu, nne, hata zaidi, juu au chini, na ile mizani ya umeme inabadilika ukinywa maji, ukitoka jasho, ukila, na mwili wa anayenyonyesha ndio kabisa hautulii. Anayetaka kuitumia aitumie ileile, saa ileile, atazame miezi inakwendaje, asiishike namba ya siku moja. Na kwamba mafuta ya kwenye damu hayaonekani kwa tepu, hupimwa kwa damu.

Mama, pale kiwandani kila asubuhi kabla hatujakata donge la kwanza, tunaweka kwenye mizani jiwe la kilo moja. Isiposoma kilo moja hatugusi unga. Mimi ndiye ninayeliweka hilo jiwe. Nikamuuliza muuguzi, jiwe la mizani ya msusi liko wapi? Akacheka, akasema hilo ndilo swali, na halipo nyumbani kwa mtu. Basi mimi ninayelishika kila siku sikuwahi kujiuliza. Kwa ajili ya mkate niliuliza, kwa ajili ya mwanangu sikuuliza.

Akanipima presha, iko sawa. Akanitoa damu ya kupima sukari na mafuta, majibu ni wiki ijayo. Maziwa, amesema, yatarudi nikila, nikinywa na nikimweka mtoto kifuani mara nyingi, na tukapimwe tena baada ya wiki mbili. Lakini hakusema hakika. Alisema tutaona.

Jana usiku mkweo amenikalia mbele kama mlinzi mpaka nikamaliza sahani.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Najua barua zetu zimepishana njiani. Yangu ulipoisoma ulishajua mwenyewe, na mimi yako nilipoisoma nilikuwa nimeshakuomba radhi. Naomba tena. Tepu zangu zote tatu nimezilaza juu ya rula ya chuma nikazitazama moja moja. Moja imevutika nusu sentimita, nimeitupa.

Sasa ya baba yako. Nimekaa chini, cherehani nimeifunika.

Uliambiwa kwamba hakuna aliyejua. Yeye alijua. Miezi minne kabla, alikuwa akipanda ngazi ya ghala anasimama katikati anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mara mbili nilimkuta ameshika kifua. Akaniambia ni gesi. Nikamwambia twende hospitali, akasema mtu mwembamba kama yeye akapange foleni na wagonjwa akawaambie nini. Nami nikamwacha, maana hata mimi nilimwona mwembamba. Sikukusimulia kwa sababu ulikuwa mdogo, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimezoea kutokusimulia.

Kwa hiyo usijifananishe naye kwa namba. Yeye aliumwa akanyamaza. Wewe umelia mbele ya benchi zima la watu. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilifurahi, mwanangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unalia na mimi nikafurahi.

Jumatatu nilifunga duka nikaenda kupimwa presha. Iko juu kidogo. Nimepewa vidonge, nameza. Nimekwambia mapema kabla hujaniuliza.

Majibu ya damu yakoje? Na mtoto? Nimekutumia pamba ya kuweka ndani ya sidiria, nimeikata miraba kumi na miwili. Itakufaa maziwa yakirudi.

Mama yako

12 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Vidonge unameza baada ya kula au unavisahau juu ya cherehani? Nijibu hili la kwanza.

Mwandiko uvumilie, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umekaliwa.

Damu yangu iko safi, sukari na mafuta vyote. Muuguzi amesema nirudi baada ya mwaka, na kwa sababu ya Baba nirudi kila mwaka, niwe mnene au mwembamba. Nimekubali. Ile habari ya Baba nilimsomea mkweo. Nilipomaliza akaniambia na yeye bega lake la kushoto linamuuma tangu mwaka jana, hakutaka kunisumbua. Kesho anakwenda kupimwa. Huenda ni makreti anayobeba kazini tu. Lakini anakwenda.

Tepu nimeitazama, kweli inaanzia saba. Shingo arobaini tumeicheka mpaka msusi akapiga ukuta. Nilitoa saba kama ulivyosema, simu ikasema thelathini na mbili hivi. Sijui ndiyo ya kweli au siyo. Niliitazama tu, nikafunga simu, nikaenda kupika. Usiniombe radhi tena, Mama. Tepu ilikuwa sahihi mkononi mwako, na njaa nilijitia mwenyewe. Chakula cha jioni nimekirudia, na mkate nakula, wa moto, ule wa kona ya trei.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Nilikuwa namweka kifuani kila saa, ananyonya anakasirika, mimi nakunywa uji nalia ndani yake. Tulipopimwa alikuwa ameongeza kidogo tu, gramu mia. Muuguzi akasema tuendelee. Tukaendelea. Leo tumetoka kliniki, kilo sita na gramu mia tisa. Nilimwomba muuguzi amweke tena kwenye mizani. Akamweka tena. Sita na mia tisa.

Lakini si hilo nililotaka kukuandikia. Jana saa kumi na moja jioni, ile saa yake ya kulia, nilikaa naye dirishani. Akanyonya titi la kwanza lote, polepole, huku anachezea kifungo changu. Nikamgeuza upande wa pili. Akashika, akameza mara mbili, akaachia. Nikadhani ni hasira zake zilezile, nikamrudisha. Akageuza uso, Mama. Akatazama dari. Mimi maziwa yananitiririka mpaka kwenye sketi, na yeye hayataki, ameshiba.

Mwanao