Fundi Aliuliza Tuanze na Ipi

Mwenzangu, sijui niufiche wapi uso wangu.

Fundi kompyuta kasema diski ya laptop ya nyumbani inakata roho, tuchague folda ya kuokoa kwanza. Mama yuko pembeni yangu.

Mdomo ukatangulia: “Picha za mahafali yangu.”

Yangu, mwenzangu. Na sauti za marehemu baba zimo humo humo.

Zangu zikatoka zote. Kugusa folda ya baba, diski ikagonga mara mbili, ikazimika. Fundi akavua miwani, akasema, “Poleni.”

Mama hakunigombeza. “Angalau zako zimepona, mwanangu.” Bora angenizaba kofi.

Sasa amekaa sebuleni anazipitia moja moja, anamtafuta baba. Sina mdomo wa kumkumbusha kwamba siku ile baba ndiye aliyeshika kamera.