Vijiti Saba Ndani ya Keki ya Romina

San Andrés Cholula,
Puebla.
19 Mei 2024.

Mpendwa Mama Mdogo Obdulia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama kutwa kwenye mashine ya kuchambua matofaa umepoa. Je, baridi ya huko ugenini Yakima imekwisha? Sisi ni wazima. Bibi Eulalia anakula vizuri na presha yake imetulia. Romina wako amerefuka hadi sketi ya shule imempanda magotini.

Usishangae mwandiko huu mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Nyumbani wamekubaliana usiambiwe. Mama anasema utalia bure, kwa kuwa huna karatasi za kukuwezesha kuja na kurudi. Lakini wewe ndiye uliyemzaa Romina, nami siwezi kusikia sauti yako kwenye simu Jumapili ijayo nikacheka pamoja na wengine.

Picha ulizotumiwa ni za kweli. Tulishuka Veracruz watu kumi na tisa, mabasi madogo mawili, ili Romina atimize miaka tisa akiwa ameiona bahari. Mimi nilipewa kazi ya kuipakata keki, ile ya ghorofa tatu uliyomchagulia mwenyewe. Usijilaumu kwa hilo. Ilikuwa keki nzuri.

Mwokaji aliponikabidhi aliniambia, “Dada, njia ya mlimani ina kona nyingi. Nimetia vijiti saba vya mishikaki, ncha juu, ili ghorofa zisiteleze. Inueni ile ya juu kwanza, mvichomoe, ndipo muikate keki.” Nilimwelewa vizuri sana. Saa nne nzima njiani nilikaa na vijiti hivyo mapajani.

Tulipofika kwenye ule mkahawa wa kando ya wangwa nilimwambia Mjomba Fidencio. Alikuwa akigombana na mhudumu kuhusu kuunganisha meza. “Ndiyo, ndiyo, mpwa wangu, vijiti,” akasema, kisha akamgeukia mhudumu, “Mbili? Kaka, hii ni familia, si wachumba! Lete meza nne!”

Unaijua meza yetu. Kila mtu anasema, hakuna anayesikia. Wali wa mchuzi wa kamba ukaja, samaki wakaja, ndizi za kukaanga zikaisha kabla hazijanifikia. Nilikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Romina na keki walikuwa upande wa Bibi.

Kisha wakaja wanamuziki wenye kinubi, wale wanaomtungia kila mtu ubeti wa kumtania. Mjomba aliwanong’oneza habari zangu. Wakaimba kwamba yule msomi wa pale mwisho mdomo wake umeshonwa kwa uzi, hata samaki kwenye sahani yake ana maneno kumzidi. Walicheka wote. Hata Bibi alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Nami nilicheka, lakini nikajisikia nimekuwa mdogo, kama kitu kilichoanguka chini ya meza.

Ndipo mishumaa ikazimwa, na kelele zikaanza. “Ang’ate! Ang’ate! Ang’ate!” Romina akaweka mikono nyuma, akafumba macho, akaikaribia keki. Mjomba Fidencio akajisogeza nyuma yake. Hakuna kichwa cha ukoo huu ambacho hajakizamisha kwenye keki. Hata wewe alikuzamisha siku ya miaka yako kumi na mitano.

Nilisimama. Nikasema, “Vijiti.” Nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

“Areli, kaa chini,” Mama akanifokea, “unawaziba wanaopiga picha!”

Nikakaa.

Mama mdogo, hicho ndicho ninachokiogopa. Ndoto zangu haziji na vijiti. Zinakuja na kile kiti. Nilijua, mimi peke yangu kati ya watu kumi na tisa, na nilikaa kwa sababu niliogopa kuchekwa mara ya pili. Sijui ni muda gani. Ulitosha kwa Mjomba kufikisha mkono wake kwenye kisogo cha mwanao.

Sikumbuki nilivyofika. Wanasema nilipita juu ya mapaja ya watu na kuangusha glasi. Sikupiga kelele hata wakati ule. Nilitia kiganja kati ya uso wake na keki, na Mjomba akasukuma.

“Una wazimu?” akanguruma. “Miaka tisa ni mara moja! Umemharibia mtoto keki!”

“Acha wivu, Areli!” mtu mwingine akasema, na Romina akaanza kulia kwa hasira, krimu kidevuni. Sikuweza kuutoa mkono. Mama alikuwa amekwisha kumtoa nje kumpangusa uso, Bibi alipoona krimu ikigeuka nyekundu.

Aliinua ghorofa ya juu kwa mikono yake miwili na kuiweka mezani. Kisha akavichomoa vijiti kimoja kimoja na kuvipanga kwenye sahani yenye miiba ya samaki. Sita. Cha saba kilikuwa ndani ya kiganja changu. Mjomba alikitazama hicho cha saba, kisha akajipima kwa kidole usoni, kutoka kidevuni hadi jichoni, akatoka hadi ukingo wa maji, akatapika.

Nilishonwa nyuzi nne. Daktari anasema vidole vitafanya kazi. Mjomba huja kila siku na matunda, anakaa sebuleni, hasemi kitu, anaondoka. Mtu yule kunyamaza! Hilo nalo linanitisha. Nadhani angependa nimtukane, lakini ningeanzaje, wakati nami nilikaa?

Romina hajui. Alikuwa amefumba macho, kisha akatolewa nje, na ameambiwa mkono wangu ulikatwa na glasi. Anachojua ni kwamba binamu yake alimnyima kung’ata keki aliyochaguliwa na mama yake. Nakuomba usimweleze bado. Wiki ya pili hii hasemi nami. Nikipita uani anaacha kuruka kamba, anasimama, ananitazama kwa chuki ya mtoto wa miaka tisa, kwa macho yake yote mawili. Nami napita polepole, ili anitazame zaidi.

Bibi anakusalimu sana, Mama pia, na Mjomba Fidencio angekusalimu kama angepata maneno. Wasalimie wenzako wa pale kiwandani. Mungu akulinde mgongo na mikono, na akufungulie njia ya kuja kumwona binti yako.

Mimi mpwa wako, nikupendaye na nikuombaye radhi,
Areli