Hema la Watu Wawili Sebuleni

Emérithe uko?

Vénant ana mwanamke. Au nilidhani anaye, sijui tena.

Si unajua mume wangu anasema mwezi wa tatu anaenda Marekani na wenzake wa kazini, kutembea kwenye makorongo ya jangwani na kulala kwenye hema? Vénant! HEMA! Yeye aliyeapa siku tunatoka kambi ya wakimbizi kwamba hatalala tena chini ya turubai!

Leo nimerudi mapema kutoka kazini Kista, nakuta hema limesimama sebuleni. Limeandikwa la watu wawili. WAWILI, dada! Nikasema leo namkamata.

Nikafungua zipu. Yuko peke yake. Amelala chali, macho wazi, jasho linamtoka, viatu miguuni. Viatu ndani ya nyumba, kama hatuko Sweden, ambako viatu vinaachwa mlangoni!

Nikamuuliza, “Wa pili ni nani?”

Akasema, “Hakuna. Najaribu kama nitaweza. Nikivua viatu, naona kama watakuja tena kutuvamia usiku.”

Viatu, Emérithe. Vile tulivyolala kule kambini, tayari kukimbia.

Nikaingia, nikalala kando yake. Buti zangu za kazini nilikuwa bado nimezivaa.

Sikuzivua.