Mapigo Juu ya Vinguzo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako. Mimi mzima, natumaini nawe hujambo, pamoja na shemeji na wanangu wale wawili watundu. Na moyo wako je? Uliniambia unarukaruka ukipanda ngazi, kisha ukacheka, ukasema ni uchovu tu. Mama naye alisema hivyohivyo, hadi asubuhi ile alipoanguka jikoni. Mwenzio sikucheka.

Huachi kuuliza ninafuga nini huku maabara. Basi leo nakujibu. Tunachukua kipande cha ngozi ya mtu, kidogo kama punje ya mchele, na kwa dawa na subira seli zake tunazigeuza kuwa seli za moyo. Ndiyo, ngozi inakuwa moyo! Hata mimi nilibisha. Tunazipanda juu ya kibamba chenye vinguzo vidogo mno, jicho halivioni. Kwenye kibamba kisicho na vinguzo zinalala tu, lakini vinguzo zinavikumbatia, na siku moja, zenyewe, zinaanza kudunda. Vinguzo vinadaka umeme wake, nasi tunauona mstari ukipanda na kushuka kwenye skrini. Siku ya kwanza nilipiga kelele hadi mkuu wetu akauliza kama nimeungua.

Sasa sikiliza kisa. Seli za mtu mmoja zilinisumbua. Zinadunda vizuri, mara zinaruka pigo, zinaendelea. Nikabadilisha kibamba, nikabadilisha nyaya, nikamgombeza na fundi wa umeme bure. Wapi! Seli za mtu mwingine kwenye kibamba kilekile zilikwenda sawa kabisa. Ngozi hupewa namba tu, kwa hiyo mkuu hakujua ni ya nani. Akasema kwa upole kuwa huenda kibamba hakina neno, mwenye ngozi ndiye atafutwe.

Dada, mwenye ngozi ni mimi. Nilijitolea kwa udadisi tu, unanijua. Ndiyo maana niling'ang'ania kulaumu vinguzo. Nimepimwa hospitali, na mstari wa kifua changu unaruka vilevile. Daktari ameniambia ni ugonjwa wa kurithi, na kwamba ukijulikana mapema una dawa. Wa mama haukujulikana. Sikufichi, nimelia hadi macho yakavimba. Lakini dawa nimeanza.

Kwa hiyo usiniambie tena habari za uchovu. Kesho nenda ukapimwe. Ukikaidi, nakuja kukubeba mwenyewe.

Msalimie shemeji. Wanangu nao wabusu, kisha uende nao hospitali, maana na wao ni wajukuu wa mama.

Ni mimi mdogo wako,
Mdadisi