Samadi kwenye mahindi ya utafiti

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Jumanne

Eti nimeharibu utafiti wa taifa! Mimi niliyelima nusu ya Kivu kwa jembe moja!

Serikali na kampuni ya mbegu walinipa mbegu za mahindi na vipande viwili vya shamba. Kimoja nitie mbolea yao, kingine nikiache bila kitu, walinganishe. Lakini hicho kingine kiko kando ya barabara ya Rwekubo. Wapitaji wakiona mahindi ya njano, watamwita nani mvivu? Nikakitia samadi ya mbuzi.

Leo dada mtafiti wa Mbarara alikuja kupima, akashika kichwa.

"Mzee, sasa tulinganishe nini?"

"Andika samadi yangu imeshinda kampuni!"

Hakucheka. Kesho wataamua kama wataninyang'anya mbegu.

Naogopa, sikatai. Lakini wakiniachia, nitatia tena.