Hakuniita Tena Somo

Al Wakrah, Qatar

Mjukuu wangu Rehema,

Mimi mzima, ila goti halipatani na baridi ya kiyoyozi. Kitindamimba wa nyumba hii ninayofanyia kazi, niliyemlea, ameanza shule. Nimeshukuru kusikia tumbo halikusumbui tena.

Umeniuliza, mtoto akiwa wa kike umwite nani. Bibi yangu na dada zake, waliozaliwa Tanga enzi za Mjerumani, waliitwa Mwanakombo, Mwanahamisi na Chausiku. Santuri za nyimbo za Kiarabu zilipoingia mjini, binti zao wakawa akina Leila na Salma. Mimi nilirithishwa jina la bibi, Mwanakombo, basi akiniita "somo", kama waitanavyo wenye jina moja. Nilipoanza shule wenzangu walinicheka, nikamwambia mwalimu naitwa Salma. Niliporudi, bibi akaita, "Somo, njoo ule." Nikamjibu, "Siku hizi mimi Salma." Akanipakulia. Hakuniita tena somo mpaka tukamzika.

Huku wote wananiita Salma, na pasi yangu ndivyo isemavyo. Mpe mwanao jina ulipendalo, mama. Ila likiwa Mwanakombo, nitanunua kadi ya simu. Umwekee simu sikioni, nimwite somo.

Bibi yako