Kwa Nini Hatutauchukua Msumeno wa Mgodini

Kwa Fundi Donatus,
Kolandoto,
Shinyanga.
21 Agosti, 1955.

Mpendwa Mjomba Valerian,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa juu ya gogo nyuma ya karakana ya baba. Ni Jumapili, tumetoka Misa, na hapa ndipo mahali pekee ambapo wadogo zangu hawaji kuchungulia ninachoandika. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimekuacha? Mama anauliza kama bado unakunywa maziwa jioni, au umeshakuwa mtu wa chai tupu kama wenzako wa huko Geita. Tafadhali ulijibu hilo, maana usipojibu ataniuliza mimi kila asubuhi kana kwamba nakuona kutoka hapa.

Sisi mhola duhu, amani tupu. Pamba imekwisha kuuzwa, na safari hii baba alirudi kutoka kwenye mizani bila kununa. Ng'ombe mwekundu, yule uliyesema hatazaa tena, amezaa ndama jike. Mama amempa jina lako, nami nimemwambia jina la Valerian halimfai ndama jike, akasema ndama hajui kusoma.

Mimi nipo likizo. Shuleni kwa masista naendelea vizuri katika kuandika, Kiswahili na Kiingereza pia. Tabu yangu unaijua. Nikiitwa nisimame nisome mbele ya wenzangu, sauti hunikimbia, na Sista huniambia niinue uso, nami uso hauinuki. Nikishika kalamu huwa mtu mwingine. Kwa hiyo haya ninayokuandikia leo, ungekuwa umeketi mbele yangu, usingeyapata.

Barua yako ilifika na nilimsomea baba mara mbili. Ulisema mgodi unabadilisha mashine za karakana yake, na kwamba umemwomba msimamizi wako akuwekee ule msumeno mkubwa wa mkanda hadi mwisho wa mwezi, kwa ajili ya shemeji yako. Mama alilia kidogo kwa furaha. Baba alichukua chaki akachora kwenye sakafu ukubwa wa ile mashine kama ulivyoueleza, akauzunguka mchoro kama anayezunguka maksai mnadani.

Mjomba, nisikuzungushe. Hatutauchukua.

Baba ameniagiza nikuandikie mapema ili msimamizi wako asiendelee kukuwekea bure. Yeye angemaliza kwa mstari mmoja. Mimi nimeona mstari mmoja ungekuumiza, kwa sababu najua umetumia jina lako kutuombea, na najua si jambo dogo mtu kama wewe kumwomba mzungu kitu kisha kurudi kumwambia basi. Naomba uisome barua yote kabla hujakasirika. Ukifika mwisho, kasirika utakavyo.

Kwanza ujue habari ya bega, maana mama amekuficha. Bega la kulia la baba limeharibika. Tangu masika hawezi kuusukuma msumeno wa mkono kwenye mninga mnene. Anaanza vizuri, halafu mkono unashuka wenyewe, naye anajifanya amesimama kutazama mstari. Wakulima wanataka nira kabla ya mvua, na nira ina mapindo mawili ya shingo ambayo yote ni kazi ya msumeno na tezo. Kama tusingepata mashine ya kukata mapindo, baba angefunga karakana. Na kama tungepata mashine isiyotufaa, angefunga vilevile, ila akiwa na chuma kikubwa kimesimama ndani kikimcheka. Kwa hiyo hatukuwa tunachagua kitu cha kupendeza macho. Tulikuwa tunachagua kama baba ataendelea kuitwa fundi.

Sasa, duka moja la mjini limeleta misumeno ya mkanda midogo. Anayeizungusha kwa wateja ni Pantaleo, mtu wa Tabora, mnene, mcheshi, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Baba alimwambia, "Mimi sinunui ng'ombe amelala. Uilete hapa, ivute ubao wangu, kwa injini yangu." Injini unaijua, ile kuukuu tuliyoipata kwa mwenye kinu cha kusaga. Pantaleo alikubali, lakini alionya kwamba ana siku hiyo moja tu, jioni anaendelea Maswa kwa mteja mwingine.

Alikuja Alhamisi na lori. Kabla hajaja nilikuwa nimeshakisoma kile kitabu cha mashine, cha Kiingereza, kwa kamusi uliyonipa. Nilimweleza baba jinsi ilivyo: utepe wa meno unazunguka gurudumu la juu na la chini, gurudumu la juu linainuliwa kwa parafujo ili utepe ukazwe, meza inalazwa ukitaka kukata mshazari, na utepe mwembamba hukata mapindo wakati mpana hunyoosha mbao. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza maswali ambayo kitabu hakikuyajibu, nikamwambia sijui, akasema vizuri, hayo ataiuliza mashine yenyewe.

Watu walijaa uani kama kuna arusi. Mzee Maige alikuja na kiti chake. Huyo ndiye jirani yetu mwenye maksai wengi, anayengoja nira kuliko wote, na mdomo wake unaujua.

Injini ikawashwa. Baba akachukua kipande cha mninga, kikavu, alichokiweka kwa ajili ya siku hiyo, akakisogeza kwenye meno. Msumeno ukakata upana wa kidole, ukasitasita, ukasimama. Injini bado inanguruma, lakini msumeno kimya. Wakajaribu tena. Ukasimama tena.

"Fundi," Mzee Maige akasema, "mpe uji kwanza, huyo bado mtoto."

Watu wakacheka. Pantaleo alikuwa anatoka jasho. "Mzee wangu, mashine hii haijaniaibisha popote. Labda ubao wako umemeza jiwe."

"Ubao wangu nimeukausha mwenyewe," baba akasema. "Hauna jiwe. Pakia mashine yako."

"Tujaribu mara moja tu, Mzee."

"Pakia. Shemeji yangu amenipatia dume huko Geita. Hiki ni kindama."

Hapo, Mjomba, nakuungamia. Kila mtu alikuwa anatazama meno ya msumeno. Mimi nilisimama mlangoni, nyuma ya mama, kama kawaida yangu, na kutoka pale nilikuwa naona upande wa pili, ule mkanda wa ngozi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye mashine. Gurudumu la injini lilikuwa linazunguka vizuri ndani ya mkanda, na mkanda haukutembea. Ulikuwa unang'aa. Na nikasikia harufu ya samli iliyopata moto.

Nikajua mara moja. Mkanda ule baba aliushona mwenyewe kwa ngozi ya fahali, na alfajiri ile nilimwona amechuchumaa nao, kibuyu cha samli pembeni, anausugua taratibu kwa kiganja. Ndivyo tunavyofanya kamba zote za ngozi za nira, zisikauke zikakatika. Nilimwona na sikuwaza lolote. Nilidhani anaiandalia mashine ya watu mapokezi ya heshima.

Pantaleo alikuwa ameshaanza kufungua skrubu za miguu ya mashine. Nilijua nikinyamaza lori litaondoka, nasi tutachukua dume lako, ambalo injini yetu haitaweza kulizungusha hata kwa mkanda mkavu. Na nikisema, nitakuwa nimemwambia baba yangu mbele ya wanaume wa mtaa mzima kwamba kosa ni lake. Ulimi wangu ulikuwa kama si wangu. Shuleni ningeketi.

Nikaenda mtungini nikachota maji. Unajua kwetu binti hampi baba yake maji amesimama. Nilipita katikati ya watu, nikapiga goti, nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Baba ni mrefu, hawezi kupokea bila kuinama, na alipoinama sikio lake likawa karibu na mdomo wangu. Nikamwambia kwa Kisukuma, polepole, "Baba, mkanda unateleza. Ni samli."

Hakunitazama. Alikunywa yale maji yote. Sijawahi kuona mtu akinywa maji kwa muda mrefu hivyo. Goti langu lilikuwa kwenye kokoto na sikuthubutu kulisogeza.

Kisha akanirudishia kibuyu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Pantaleo, acha hizo skrubu." Akamgeukia mama. "Mama Eufrasia, niletee majivu."

"Majivu?" Mzee Maige akasema. "Unataka kukata mbao au kupika mlenda?"

"Nataka kukuonyesha ujinga wangu, Maige, maana wako tumeshauona wote." Baba akauvua mkanda, akauinua juu watu wauone unavyometameta. "Nimeupaka mafuta kama kamba ya maksai. Maksai anataka kamba laini. Huyu anataka kavu. Binti yangu ameona, mimi sikuona."

Mjomba, alisema hivyo. Mbele ya wote. Nilitamani ardhi inifunike, na wakati huohuo nilitamani wewe uwepo.

Walicheka mpaka Pantaleo akaketi chini. Baba alicheka kuliko wao. Waliusugua mkanda kwa majivu, wakaufuta, wakausugua tena hadi ngozi ikawa kavu, wakaurudisha. Baba akachora kwa penseli pindo la shingo ya maksai, akausogeza mninga kwa mkono wa kushoto, bega la kulia limepumzika. Ule msumeno ukapita ndani ya mti ukifuata penseli kama mtoto anayefuata mama yake sokoni. Mzee Maige akainuka na kiti chake akasema, "Nira ya kwanza ni yangu. Nimekaa hapa tangu asubuhi."

Basi tumechukua kindama.

Nisikufiche sababu, maana nataka ukubaliane nasi kwa akili, si kwa huruma tu. Msumeno wa mgodini ulitengenezewa kupasua magogo ya kuegemeza mashimo, nasi hatupasui magogo, tunakata nira, viti na magurudumu ya mikokoteni. Gurudumu lake la juu lingegonga paa. Utepe wake ni mpana, haungepinda penye pindo dogo. Ukikatika, kama ulivyoandika mwenyewe, mpya huagizwa ng'ambo, lakini tepe za huu mdogo zipo mjini, baba ameziona kwa macho. Na injini yetu ingeukokota kama punda anavyokokota lori. Mashine kubwa ni nzuri kwa mwenye nguvu za kuilisha. Nalisema hili bila wasiwasi wowote, na unajua si mara nyingi nasema hivyo.

Kuhusu msimamizi wako: baba anaomba umwambie ukweli wote, usitafute uongo wa kutulinda. Uliwahi kutaja fundi wa Sengerema mwenye injini mpya na banda refu. Labda yeye ndiye wa kuuchukua, na hapo neno lako halitakuwa limepotea. Baba anasema pia kwamba ulipoandika kumtafutia dume, ulimfanya alale vizuri kwa mara ya kwanza tangu bega limshinde, na hilo halirudishwi pamoja na mashine.

Nilimuuliza kama niiache habari ya samli nisiiandike. Akasema, "Mjomba wako ni mtu wa mashine. Ukimficha samli hataelewa kwa nini nilitaka kuifukuza. Andika."

Tangu Alhamisi ananiita nisimame upande wa mkanda kila anapowasha. Sisemi mengi. Nikiona unateleza nainua mkono, naye anazima. Jana aliniacha nikate kipande changu cha kwanza, na mama alitoka jikoni akasimama kutazama, akasahau mboga ikaungua. Tulikula hivyohivyo.

Wasalimie Klara na watoto. Mwambie Klara kile kitambaa alichomtumia mama kimekuwa gauni, na mama halivai ila kwa Misa. Bibi anakupa salamu ya mwangaluka, anasema miguu yake bado inamtii. Mzee Maige naye amesisitiza nikuandikie kwamba nira yake imetoka sawasawa, kana kwamba ameikata yeye. Mungu akulinde shimoni na juu ya shimo, akurudishe kwetu ukiwa na kifua kisafi.

Ndani ya bahasha utakuta kipande chembamba cha mninga. Usidhani ni ganda la mti. Ni ubao, tumeukata kwa huo msumeno. Upitishe kati ya vidole vyako, wewe unayejua, uone kama kuna mahali umenenepa au kukonda. Lile doa pembeni usilifute. Mikono ya baba ilikuwa bado haijatoka samli alipokishika. Nilitaka kukata kingine kisafi, akanikataza. Akakibonyeza tena kwa kidole gumba, kwa makusudi, akasema hiyo ndiyo sahihi yake.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda kwa kalamu kuliko ninavyoweza kwa mdomo,

Eufrasia Donatus